Habari Mbaya Ifike Mapema: Hotuba Kuhusu Utamaduni wa Usalama Katika Kazi za Mionzi

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa vituo, wasimamizi wa usalama wa mionzi, na wafanyakazi wenzangu wa hospitali, viwanda, migodi na barabara:

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga utamaduni imara wa usalama mahali panapotumika mionzi. Nitaanza na kiwanda kimoja kilichokuwa karibu na San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, kwa sababu yaliyotokea pale mwaka 1989 yalichunguzwa kwa kina na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, na kwa sababu kila ninapokirudia kisa chake naviona ndani yake vituo vyetu wenyewe.

Kiwanda kile kilitumia kobalti-60, metali inayotoa mionzi mikali, kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali vilivyokwisha kufungashwa. Katika mtambo wa aina hiyo, kobalti hukaa ndani ya fremu ya chuma iliyozamishwa kwenye kisima kirefu cha maji, na maji hayo ndiyo ngao. Kazi inapoanza, fremu hunyanyuliwa kutoka majini, maboksi yakapitishwa kandokando yake hadi yapate kipimo kinachotakiwa, kisha fremu ikateremshwa. Inapokuwa juu, hakuna binadamu anayeruhusiwa kuingia chumbani, na ili asiingie hata kwa kusahau, huwekwa kitambuzi cha mionzi ambacho huuzuia mlango usifunguke.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, yapata saa nane, king'ora kililia kwa sababu fremu ilikuwa imekwama juu, imebanwa na maboksi. Mfanyakazi wa zamu alijaribu kuishusha akashindwa. Kitambuzi cha mionzi kilikuwa kimeharibika na kuondolewa siku nyingi kabla, na wafanyakazi walikuwa wamejifunza kubonyeza vitufe vya paneli kwa namna iliyoufanya mfumo uamini kwamba chumba kimepimwa na ni salama. Akafanya kama alivyozoea, akafungua mlango, akaingia na tochi. Alipoona kazi inamshinda alitoka, akaenda kuwaomba msaada wenzake wawili wa idara nyingine, watu ambao hawakuwa na mafunzo yoyote ya mionzi, akawahakikishia kwamba hakuna hatari, wakaingia pamoja, wakaikwamua fremu kwa mikono yao. Muda mfupi baadaye alianza kutapika, na hospitalini alionekana kama mtu aliyekula chakula kibovu. Mmoja wa watu hao watatu alifariki miezi kadhaa baadaye, na mwingine alikatwa miguu.

Ni rahisi kusema kwamba mfanyakazi yule alikuwa mzembe, na wengi huishia hapo. Mimi naona alikuwa mtu wa kazi, aliyebaki peke yake usiku, aliyetaka uzalishaji usisimame, na aliyefanya hasa kile ambacho kiwanda kilikuwa kimemfundisha kwa vitendo. Kosa halikuzaliwa usiku ule. Lilizaliwa siku kitambuzi kilipoharibika na kazi ikaendelea bila hicho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimefanya mawasiliano na watengenezaji wa mtambo kuwa hafifu, watu waliofundishwa mwanzoni walikuwa wameondoka, na maarifa yalikuwa yakipokezanwa kwa mdomo, kila anayepokea akipata pungufu kidogo kuliko aliyemtangulia. Tangu siku ile ya kwanza hadi usiku wa ajali, kila aliyeingia zamu alijua kwamba kifaa kile hakipo. Habari hiyo haikufichwa na mtu, ila haikuwa na mahali pa kwenda ambapo ingesimamisha chochote.

Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo, na yote nitakayoyasema baadaye ni matawi yake: uimara wa utamaduni wa usalama hujulikana kwa namna habari mbaya inavyopokelewa, inapanda hadi kwa nani, na kwa haraka gani. Kituo kinaweza kuwa na leseni ukutani, mabango ya njano kila mlango, na makabati yaliyojaa taratibu zilizoandikwa vizuri, lakini kama mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa akiona jambo lisilo sawa anaona ni heri anyamaze, basi kituo hicho kinangoja siku yake tu.

Msamiati huu wa utamaduni wa usalama uliingia katika lugha ya wataalamu mwaka 1986, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na mwaka 1991 kundi la washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu likaufafanua kuwa ni sifa na misimamo, ya taasisi na ya mtu mmoja mmoja, inayofanya masuala ya usalama yapewe uzito yanaostahili kabla ya jambo lingine lolote. Kwa kuwa maneno hayo yalianzia kwenye vinu vya nyuklia, wapo wanaodhani hayatuhusu sisi tusio na kinu. Lakini vyanzo vya mionzi tunavyo kila mahali. Hospitali za wilaya zina mashine za eksirei, hospitali kubwa zina sitiskani, na wagonjwa wa saratani hupata tiba ya mionzi Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Wakandarasi wa barabara wanabeba nyuma ya gari vipimo vya kushindilia udongo vyenye sesiamu-137. Viwandani na migodini kuna vyanzo vilivyofungwa kwenye mabomba na matangi kupima ujazo, na wakaguzi wa uchomeleaji hutumia iridiamu-192 kupiga picha ndani ya chuma. Hata ukombozi wa Unguja kutoka kwa mbung'o, uliotangazwa mwaka 1997, ulitegemea mbung'o dume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Mionzi imetufaa sana, na sina nia ya kumtisha mtu yeyote aiogope.

Serikali nayo haijalala. Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo wengi tunaiita TAEC, na wenzetu wa Kenya walipitisha sheria yao ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019. Leseni, ukaguzi, upimaji wa dozi za wafanyakazi, yaani kiasi cha mionzi wanachopata, na vibali vya kuingiza na kusafirisha vyanzo, vyote vina utaratibu. Hata hivyo, mkaguzi hukaa kituoni kwa siku moja au mbili, halafu anaondoka, na siku nyingine zote za mwaka kituo hubaki na watu wake na mazoea yao.

Nizungumzie mazoea hayo kwa mfano wa kitu kidogo mnachokijua nyote, ile beji ya kupimia dozi, yaani dosimita, tunayoivaa kifuani na kuirudisha maabara kila kipindi ili isomwe. Katika kituo kimoja nilichowahi kukitembelea kikazi, nilikuta taarifa za dozi zimewekwa vizuri kwenye faili, na katika vipindi vilivyofuatana namba za wafanyakazi wote zilikuwa karibu na sifuri. Uongozi ulizifurahia na kunionyesha kama ushahidi wa kazi nzuri. Nilipoingia chumba cha mashine nikaomba kuona beji zinapohifadhiwa, mhudumu alivuta droo ya meza, na beji zote zilikuwamo humo, zimepangwa kwa majina, saa nne asubuhi, wakati wagonjwa wamejaa kwenye benchi na mashine inafanya kazi.

Nilipoulizia kwa upole, nilielezwa chanzo chake. Huko nyuma mfanyakazi mmoja alisahau koti lake, likiwa na beji, ndani ya chumba cha eksirei, likabaki limetundikwa humo likipigwa na mionzi. Matokeo yaliporudi dozi yake ilikuwa juu sana, naye akaitwa ofisini, akafokewa mbele ya wenzake, akaandikiwa barua ya kujieleza. Hakuna aliyekwenda chumbani kutazama koti lilitundikwa wapi. Wenzake walijifunza somo lao siku hiyohiyo, kwamba beji huleta matatizo pale inapoonyesha kitu na huleta amani pale isipoonyesha, na tangu hapo kila mmoja akaitafuta amani. Uongozi ule haukukusudia mabaya hata kidogo. Ulitaka nidhamu, ukapata sifuri zisizo na maana, na tangu siku ile hakuna mtu ndani ya kituo kile aliyekuwa akijua wafanyakazi wake wanapata kiasi gani cha mionzi.

Kikomo kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20, kizio tunachopimia dozi, kwa mwaka kwa muda wa miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1 kwa mwaka. Namba hizo ni ukuta wa mwisho. Kazi yetu ya kila siku ni kushuka chini ya hapo kadiri inavyowezekana, na hatuwezi kushuka kama hatujui tulipo. Kwa hiyo dozi iliyopanda ghafla ipokelewe kama mgeni aliyeleta taarifa: akaribishwe, aulizwe ametoka wapi na ameona nini. Swali la kwanza liwe nini kilitokea, na lije muda mrefu kabla ya swali la nani alifanya. Ikigundulika kwamba koti lilisahaulika, suluhisho ni kuweka misumari ya kutundikia makoti nje ya chumba. Ikigundulika kwamba mfanyakazi huyo ndiye anayeshika watoto wakati wa kupigwa picha kila siku, basi kuna jambo kubwa zaidi la kurekebisha, nalo tusingelijua bila ile namba.

Kuna habari mbaya nyingine ambazo hazianzii kwa mfanyakazi, zinaanzia kwa mgonjwa. Katika taasisi ya taifa ya saratani nchini Panama, kati ya mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walipata mionzi kupita kiasi. Programu ya kompyuta waliyotumia kupanga matibabu ilikubali idadi fulani tu ya ngao za kukinga sehemu nzuri za mwili, na madaktari walihitaji moja zaidi. Wataalamu walibuni njia ya kuingiza taarifa ili kompyuta izipokee zote kana kwamba ni ngao moja. Kompyuta ilipokea bila kulalamika, ila katika namna moja ya kuingiza taarifa ilikokotoa muda mrefu zaidi wa tiba, karibu mara mbili. Hakuna aliyerudia hesabu kwa mkono, na hakuna aliyepima kwanza kabla ya njia hiyo mpya kutumiwa kwa wagonjwa. Dalili zilikuwapo: wagonjwa walianza kuharisha isivyo kawaida. Zilionekana, lakini hazikufuatiliwa hadi chanzo kwa miezi, na baadhi ya wagonjwa wale walifariki kwa sababu ya mionzi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu sisi ni watu hodari wa kubuni. Kipuri kikikosekana tunatafuta njia, mashine ikigoma tunaibembeleza, na mara nyingi uhodari huo ndio unaofanya mgonjwa aliyesafiri siku nzima kutoka kijijini asirudi bila huduma. Siubezi hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba ubunifu wowote unaogusa mionzi usibaki kati ya watu wawili waliouvumbua. Uandikwe, mtu wa tatu asiyehusika aupitie, upimwe bila mgonjwa, ndipo uruhusiwe. Na daktari au muuguzi anayeona ngozi ya mgonjwa imewaka kuliko ilivyotarajiwa, au tumbo lake limevurugika kupita wengine, awe na simu ya kumpigia mwanafizikia wa tiba siku hiyohiyo, na simu hiyo ipokelewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya usalama havilitazami kutoka mahali tulipokaa sisi, nalo ni heshima. Tumelelewa kumsikiliza mkubwa na kutomsahihisha hadharani. Muuguzi kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita anamwona daktari bingwa akiingia chumba cha upasuaji panapotumika eksirei ya moja kwa moja, anapandikiza chuma kwenye mfupa, kanyagio la kuwashia mashine liko chini ya mguu wake, na hakuvaa aproni ya madini ya risasi, ile inayozuia mionzi, kwa sababu ni nzito na kuna joto. Muuguzi anajua kwamba mionzi inayomfikia daktari hutawanyika zaidi kutoka kwenye mwili wa mgonjwa aliyelala mezani, anajua kwamba ukirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili mionzi hupungua hadi kama robo, anajua kwamba hata lenzi ya jicho ina kikomo chake kwa sababu mionzi huleta mtoto wa jicho. Anajua yote hayo kwa sababu ametoka chuoni juzi. Atasemaje? Kwa malezi yetu, atanyamaza.

Wapo wanaosema dawa ni kuwafundisha vijana ujasiri. Mimi sikubaliani nao. Kumtwisha aliye mdogo kuliko wote ndani ya chumba mzigo wa kumkosoa aliye mkubwa kuliko wote ni kumwonea, na wengi hawatauweza mzigo huo. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuifanya kauli yake kuwa sehemu ya kazi yake. Utaratibu useme kwamba kabla kanyagio halijaguswa, mteknolojia wa mionzi atazunguka kwa macho chumba kizima na kutamka kwa sauti kwamba kila mtu amevaa aproni na kinga ya shingo, na kwamba mashine haitawashwa kabla hajatamka. Hapo akisema, "Daktari, tunasubiri aproni yako," hajamvunjia mtu heshima, kwa kuwa amefanya alichoagizwa, na daktari naye hajaaibishwa, kwa kuwa hata mkurugenzi akiingia ataambiwa hivyohivyo. Adabu yetu inabaki mahali pake na usalama unapata sauti. Lakini utaratibu huo utasimama tu kama mkuu wa kituo ameutangaza yeye mwenyewe, mbele ya madaktari bingwa wote, na kama siku ya kwanza kijana atakapomsimamisha mkubwa na mkubwa akanuna, mkuu wa kituo atasimama upande wa kijana.

Na aproni zenyewe zitazamwe. Ukipita vyumba vingi utazikuta zimekunjwa na kurundikwa juu ya kiti, au zimelazwa chini ya mashine. Risasi iliyomo ndani hupasuka pale inapokunjwa mara kwa mara, na ufa huo hauonekani kwa nje kwa sababu kitambaa kiko salama. Aproni hutundikwa ikiwa imenyooka, na angalau mara moja kwa mwaka hupigwa picha ili nyufa zionekane. Nyundo na misumari miwili vinatosha kwa hilo, na kama kituo kinashindwa kutundika aproni nina mashaka makubwa na mambo mengine yanayohitaji fedha.

Kwa upande wa viwanda na ujenzi, kisa kinachopaswa kusimuliwa kila asubuhi kabla kamera ya iridiamu, yaani kasha linalobeba chanzo cha kupigia picha, haijatoka ghalani ni cha Yanango, nchini Peru. Tarehe 20 Februari 1999, kwenye eneo la kituo cha kuzalisha umeme wa maji, chanzo cha iridiamu-192 kilikuwa nje ya kamera yake, na mchomeleaji mmoja akakiokota. Ni kitu kidogo cha chuma, hakina joto wala harufu. Akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi, akarudi nacho nyumbani kwa mkewe na watoto. Mtaalamu wa picha alipofanya kazi yake usiku ule na kusafisha filamu, hazikuwa na kitu. Ndipo akajua kwamba kamera yake ilikuwa tupu, wakaanza kutafuta, na saa za usiku wa manane wakafika nyumbani kwa mchomeleaji. Mtu yule alikatwa mguu.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii mnajua kwamba dakika moja ya kusogeza kipima mionzi hadi kwenye kamera baada ya kila picha inatosha kuonyesha kama chanzo kimerudi ndani. Mnajua pia kwa nini dakika hiyo huachwa: mkandarasi anapiga kelele kwamba ratiba imechelewa, betri za kipima mionzi zimekwisha tangu wiki iliyopita, na anayesimamia kazi ndiye anayelipwa kwa idadi ya picha. Mambo hayo matatu yote yako mikononi mwa mwajiri. Kama mkataba wenu unalipa kwa idadi ya viungio vilivyopigwa picha na hautaji chochote kuhusu muda wa kupima, mkataba huo unawaelekeza watu wenu waruke kipimo, hata kama ukutani mmeandika usalama kwanza.

Na pale chanzo kinapopotea, kila dakika ya kunyamaza ina gharama. Mwaka 1984, huko Mohammedia nchini Morocco, chanzo cha iridiamu-192 kilianguka kwenye eneo la ujenzi, kikaokotwa na kupelekwa nyumbani kama kitu cha kawaida, na watu 8 wa familia moja wakafa. Mwanzoni vifo vile vilidhaniwa kuwa vya sumu. Aliyepoteza chanzo ana hofu ya kufukuzwa kazi, na hofu hiyo ni ya haki kabisa kama kampuni yake imewahi kumfukuza mtu aliyetoa taarifa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika kazi hii anayeficha si lazima afe yeye, anaweza kufa mtoto wa mtu asiyemjua. Kwa hiyo nawaomba waajiri mtamke wazi, na muandike katika kanuni zenu, kwamba anayetoa taarifa ya kupotea kwa chanzo mara tu anapogundua hatafukuzwa kwa kutoa taarifa hiyo, na mtofautishe kosa la kibinadamu na ukaidi wa makusudi, ambao una adhabu yake.

Katika orodha za mafunzo kuna watu ambao mara nyingi hawamo. Mlinzi wa usiku ndiye mwenye funguo za ghala. Mfanya usafi huingia vyumba vyote, akasogeza kila kinachosogea. Dereva hulala kwenye gari lililobeba kipimo cha udongo. Mtunza stoo ndiye anayeuza vyuma chakavu mwisho wa mwaka. Hao hawahitaji fizikia. Wanahitaji kujua alama ile ya duara na mabawa matatu ina maana gani, wafanye nini wakiiona mahali isipopaswa kuwa, na wampigie nani. Nafsi yangu huumia ninapoona watu hawa wakifundishwa baada ya tukio, kana kwamba maisha yao yalikuwa ya kufikiriwa baadaye.

Niseme neno pia kuhusu wanawake wajawazito, kwa sababu hapa pana ukimya mzito. Mfanyakazi wa mionzi anapotambua kwamba ana mimba, utaratibu wa kimataifa unataka kichanga kilichomo tumboni kilindwe kwa kiwango cha mwananchi wa kawaida, takriban milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki wa ujauzito, na unasema vilevile kwamba taarifa hiyo isiwe sababu ya kumwondoa kazini. Mwajiri anapaswa kubadili mazingira ya kazi yake. Lakini dada zetu wengi huficha hadi tumbo lijiseme lenyewe, wakihofia kuhamishwa idara, kupoteza posho, au kusikia minong'ono kwamba wanakwepa zamu. Kila mwezi wa ukimya huo ni mwezi ambao mtoto analindwa kwa bahati. Mkuu wa idara anayetaka kujua utamaduni wake wa usalama ukoje ajiulize kama mwanamke aliye chini yake angemwambia katika wiki ya sita, au angengoja.

Msimamizi wa usalama wa mionzi ndiye kiungo cha yote haya, na hapa nasema na wakurugenzi moja kwa moja. Katika vituo vingi cheo hiki hupewa mtu kwa sababu leseni inakidai, halafu anabaki na kazi zake zote za awali, bila saa za kuifanya hii mpya, na bila mlango wa kupita hadi ofisini kwenu. Mpeni barua yenye mambo mawili: kwamba anaweza kusimamisha kazi yoyote ya mionzi papo hapo bila kuomba ruhusa, na kwamba taarifa zake zinakuja kwenu bila kupitia kwa mkuu wa uzalishaji au mkuu wa idara ambaye kazi yake ndiyo imesimamishwa. Siku atakayosimamisha kazi, na baadaye ikaonekana kwamba hapakuwa na hatari, mshukuruni mbele ya watu. Gharama ya nusu siku iliyopotea itasahaulika, lakini namna mlivyompokea haitasahaulika, na wote wanaowatazama wataamua hapo kama inafaa kuwaletea habari nyingine.

Mwisho kuna vyanzo ambavyo havitumiki tena. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, kliniki iliyohama iliacha nyuma mashine yenye sesiamu-137 katika jengo lililotelekezwa. Watu waliotafuta vyuma chakavu waliichukua na kuivunja, watu 4 wakafa, akiwamo mtoto wa kike wa miaka 6, na watu zaidi ya laki moja ikabidi wapimwe. Biashara ya vyuma chakavu kwetu ni kubwa, majengo yanabomolewa, kampuni zinafilisika, na mashine za zamani ziko stoo na kwenye makontena nyuma ya karakana. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 ili nguvu yake ipungue nusu, muda ambao unazidi utumishi wa karibu kila mtu aliyemo humu ndani. Naomba kila kituo kifungue daftari lake la vyanzo wiki hii, kitu kimoja kimoja kitazamwe kwa macho pale kilipo, namba yake isomwe, na kile kisichotumika kiandikiwe TAEC ili mipango ya kukipeleka kwenye ghala lao la mabaki ya mionzi Arusha ianze. Na kama katika kuhesabu mtagundua kwamba kimoja hakipo, piga simu siku hiyohiyo, kabla hamjakaa kikao cha kutafuta aliyekosea.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali yenu.